Masizi Yalipohamia Kilimani

Kila asubuhi kabla ya saa moja Dobi alisimama katikati ya uwanja wake, akalowesha kidole kwa mate na kukiinua juu. Upepo ukitoka upande wa barabara, alianika mashuka kwanza. Ukitoka upande wa kiwanda cha vigae, alianika nguo nyeusi na za kahawia, na mashuka akayaacha kwenye karai yangoje. Kiwanda kilikuwa na mtambo wake wa umeme uliochoma makaa ya mawe, na bomba la mtambo huo lilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye kamba za Dobi. Saa moja kamili lilianza kutema. Masizi yalishuka taratibu, mepesi, yakatua juu ya shuka la mtu kama mgeni aliyekuja na begi lake.

Alikuwa dobi mzuri. Kila nguo ya mteja aliitia alama ya uzi kwenye upindo, mishono mitatu au minne ya rangi, na kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kumpa mtu nguo ya mwenzake. Mwandiko wake nao ulikuwa mdogo na ulionyooka vilevile, na macho yake yaliona herufi ambazo wengine walidhani ni uchafu wa karatasi. Kwa hiyo mtaa mzima ulimletea fomu zake azijaze, akazijaza huku pasi ikipata moto, na hakumtoza mtu.

Pamoja na sifa zote hizo, alikuwa na wivu. Mwenye wivu ajinyonge, watu husema. Dobi hakujinyonga, alifua. Siku ambazo roho ilimuuma zaidi ndizo siku ambazo mashuka yalitakata zaidi, na wateja waliolijua hilo hawakuwa na haraka ya kumwombea amani.

Dobi alimwonea wivu mdogo wake wa kuzaliwa naye, kitinda mimba wa nyumba yao, ambaye watu walimwita Mama Vifaranga. Huyu aliishi kilimani, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, upande ambao moshi wa kiwanda haukufika. Juu ya bati lake alikuwa na paneli za sola, safu mbili, na ndani alikuwa na mashine za kutotoleshea vifaranga, jokofu, taa kumi na mbili na mapazia meupe. Dobi hakumwonea wivu kwa jokofu, na mapazia alishayasamehe. Alimwonea wivu kwa sababu ya mama.

Mama yao alikuwa akikaa kwa Dobi, na ndivyo ilivyofaa, maana Dobi ndiye kifungua mimba. Miaka tisa iliyopita kifua cha mama kilianza kubana. Tabibu alimsikiliza mgongoni, akachungulia dirishani kuelekea kwenye bomba la kiwanda, akaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa ahamishwe. Mama akahama na mabegi mawili na kigoda. Kule kilimani kikohozi kilikoma ndani ya wiki mbili, na Dobi akalichukua jambo hilo kama tusi.

Tangu hapo kila Jumapili alipanda kilima na kumkuta mama amekaa kando ya dirisha la mdogo wake, mashavu yamejaa, akicheka mambo ambayo wao wawili tu ndio waliojua yalikoanzia. Mama alipomwita Mama Vifaranga "mwanangu", sauti yake ililegea kidogo mwishoni. Alipomwita Dobi hivyohivyo, haikulegea. Dobi alilisikiliza jambo hili kwa miaka tisa, na sikio lake lilikuwa zima.

Kila akiondoka alimkumbusha mama kwamba masizi yakiisha atarudi kwake. Mama alijibu kwamba yakiisha atarudi, kwa nini asirudi. Dobi aliliweka neno hilo moyoni, akashuka nalo kilima na kuendelea kufua.

Kisha akaja Afisa wa Vyeti. Alipewa chumba kimoja juu ya posta, akapachika feni, akaitisha mkutano katika ukumbi wa kilimani. Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mtu mwenye umeme wa jua, wa maji au wa upepo, kila akifikisha yuniti elfu moja anapewa cheti. Cheti hicho anaweza kumuuzia anayechoma makaa ya mawe. Mchoma makaa akiwa na vyeti vya kutosha, anahesabiwa kuwa ametumia umeme safi. Mwenye jua anapata cha kuongezea paneli, mchoma makaa anachoka kununua vyeti, na mwishowe kila mtu anaachana na makaa kwa hiari yake. Hicho ndicho kivutio, afisa alisema, na akaifunga kalamu yake.

Mwenye pampu ya maji aliuliza kama mtu akiuza cheti anabaki na umeme wake. Afisa akamjibu kwamba umeme unabaki wote, kinachoondoka ni sifa tu ya kuwa ni safi. Watu wakatazamana. Sifa haipikwi wala haivaliwi, wakaona hakuna sababu ya kuing'ang'ania. Mwenye pampu akachukua fomu, zahanati yenye paneli ikachukua, na Mama Vifaranga akachukua.

Yake aliileta kwa dada yake kesho yake asubuhi. Alikaa juu ya karai lililogeuzwa, akatoa kurasa nne kutoka kwenye mfuko wa nailoni, na Dobi alipokuwa anaandika jina la nyumba na idadi ya paneli, mdogo wake akawa anapiga soga. Alisimulia jinsi mama alivyojifunza kutenganisha majogoo na matetea kwa kumgeuza kifaranga miguu juu, na jinsi juzi alivyokosea akamwita mwenye pampu ya maji tetea mbele ya watu. Akacheka mpaka machozi. Dobi hakucheka. Alikuwa amefika ukurasa wa nne, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, palikuwa na kisanduku. Maelezo yake yalisema kwamba muuzaji anayetaka kujibakizia vyeti vinavyotosha matumizi ya nyumba yake aweke tiki.

Dobi alikiona. Angeweza kuuliza. Lakini kicheko cha yule mwingine kilikuwa bado kinaendelea, na roho ilikuwa inamuuma, akataka tu kicheko hicho kiondoke uwanjani kwake pamoja na mwenyewe. Akakiruka kisanduku.

"Hapa, tia sahihi."

"Nisome kwanza?"

"Nimeshasoma mimi."

Mkataba wao na kiwanda ulianza tarehe mosi, siku ya Jumatatu. Saa moja kamili bomba la kiwanda lilinguruma kama siku zote. Moshi ulitoka; Dobi alijua umetoka kwa sababu hewa juu ya bomba ilicheza kama inavyocheza juu ya jiko. Ila haukuwa na rangi wala harufu, na kunguru wawili walipita katikati yake wakaendelea na safari yao. Malori ya makaa yaliingia kwa idadi ileile. Saa nane vibarua wa tanuri walipotoka zamu, mikono yao ilikuwa safi kama ya makarani, na mmoja wao alizitazama kucha zake, akasema leo mke wangu ataniuliza nilikuwa wapi, akaenda zake nyumbani.

Upepo siku hiyo ulitoka upande wa kiwanda. Dobi kwa mazoea akaanika nyeusi. Saa nne alipitisha kiganja juu ya koti la mteja na hakikutoka na kitu. Akaanika mashuka yote kumi na nne, na jioni akayaanua meupe. Wiki ilipoisha ilikuwa imeshaeleweka mtaani kwamba kuanzia geti la kiwanda hadi mwisho wa barabara masizi hayashiki tena. Hata madereva wa malori, waliokuja weusi kutoka machimboni, wakivuka geti weusi uliwatoka wenyewe, wakashuka kwenye malori wakiwa wamenyooka kama watu wanaokwenda kuposa.

Kilimani, Jumatatu hiyohiyo, taa ya kwanza juu ya mashine ya vifaranga ilitoa moshi mwembamba. Mama Vifaranga akabadilisha balbu. Balbu mpya nayo ikatoa moshi. Kufikia adhuhuri palikuwa na mstari wa masizi juu ya kila swichi, na jokofu lilinuka tanuri. Barafu iliganda na uzi mweusi katikati. Fundi wa umeme aliitwa, akapanda juu ya bati, akazipapasa paneli zilizokuwa zinang'aa kwa jua, akashuka na kusema nyaya hazina kosa lolote. Huu ni umeme wa makaa, na kwa umeme wa makaa huu unafanya kazi vizuri sana. Alipoondoka aliziba pua kwa leso. Kwa mwenye pampu maji yalianza kutoka na ladha ya moshi, na kwenye zahanati wauguzi waliomba sare za kijivu, wakapewa.

Ajabu yake ilikuwa na utaratibu. Jua likiwaka sana, nyumba ilikuwa nyeusi zaidi. Siku za mawingu masizi yalipungua na mama akapumua vizuri. Mama Vifaranga, ambaye zamani alikuwa akiamka kuliombea jua, akaanza kuamka na kutazama kama kuna dalili ya mvua.

Siku mayai yalipoanguliwa, vifaranga walitoka weusi. Aliyepanguswa kwa kitambaa kibichi alikuwa wa njano kama kawaida, akajikung'uta na kuondoka.

Habari zilimfikia Dobi katikati ya wiki. Jumapili alipanda kilima, na alipofika mlangoni akaona mapazia yamekuwa rangi ya majivu, akafurahi. Si jambo la kuficha. Alifurahi mpaka akaona haya, kisha akafurahi tena. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, beseni la maji ya uvuguvugu mbele yake, kitambaa mkono mmoja na kifaranga kwenye kiganja cha mkono mwingine, mweusi hadi kwenye viwiko. Alikohoa mara mbili kabla ya kumkaribisha.

Dobi alikuwa amejiandaa. Alimweleza kwamba kwake sasa ni safi kama sahani, kwamba chumba ameshakipiga rangi na kitanda amekisogeza dirishani. Kisha akamkumbusha ahadi.

"Ulisema masizi yakiisha utarudi."

"Nilisema," mama alikubali. "Lakini vifaranga mia tatu, mwanangu, nani atawapangusa? Akiuzwa na masizi yake, mnunuzi anadhani mgonjwa. Ngoja nimsaidie huyu mwenzio kidogo."

Alimfuta kifaranga chini ya shingo, akampulizia manyoya, akamweka kwenye boksi la waliotakata na kuchukua mwingine. Kwa miaka tisa hakuna aliyemwomba afanye kazi yoyote, wote walimwambia apumzike. Sasa uso wake ulikuwa na shughuli ndani yake, na Dobi, ambaye alipanda kilima akiwa mshindi, alisimama mlangoni na kuonea wivu beseni.

Kesho yake alikwenda kwa Afisa wa Vyeti. Alipanda ngazi za posta, akangoja kwenye benchi mpaka afisa amalize chai, akamwambia moja kwa moja kwamba masizi ya kiwanda yamekwenda kwa mdogo wake. Afisa hakubisha. Alifungua faili, akapitisha kidole hadi kwenye jina.

"Ndiyo, yako kwake. Sifa ya usafi ameuza. Umeme uliobaki hauna sifa, na usio na sifa tunauhesabu wa makaa."

"Mkataba hauwezi kurekebishwa?"

"Angeweka tiki ukurasa wa nne, nyumba yake ingebaki na vyeti vyake na isingechafuka. Wengi hawakioni kile kisanduku. Si neno, mwakani fomu zinajazwa upya, mwambie aweke."

"Na masizi yataenda wapi?"

"Yalikotoka," afisa alisema, akageukia dirisha, ambalo mbele yake lilikuwa bomba la kiwanda na, chini ya bomba, mabati ya mtaa wa Dobi.

Dobi alishuka ngazi moja moja. Mambo yalikuwa wazi kwake kama mashuka ya zahanati yalivyokuwa zamani. Tiki ikiwekwa, mama atapumua, lakini atapumua kilimani, na huku chini kutarudi kuwa mahali ambapo mama hawezi kukaa. Tiki isipowekwa, kule juu kutazidi kuchafuka, na kifua cha mama si cha chuma. Kitachoka. Vifaranga au si vifaranga, siku moja mama ataomba mwenyewe kushushwa. Dobi alihitaji tu kungoja na kunyamaza, na yeye alikuwa na mazoea ya kungojea vitu vikauke.

Hakumwambia mtu.

Mwaka ulikwenda. Kiwanda kilipewa ngao ya shaba kwa kuwa cha kwanza mjini kuachana na makaa ya mawe, na meneja akahutubia uwanjani huku nyuma yake malori matatu yanamwaga makaa. Ilibidi anyamaze kila lori lilipoinua tumbo, maana hakusikika. Hakuna aliyecheka, kwa sababu meneja hakusema uongo. Vyeti vilikuwa ukutani, vimetiwa fremu, na yeyote aliyetaka kuvihesabu aliruhusiwa. Wauzaji wa vyeti walialikwa, wakapewa kofia. Kwa kuwa kiwanda sasa kilikuwa safi, kiliruhusiwa kujenga mtambo wa pili kando ya ule wa kwanza, nacho kikajenga.

Mama Vifaranga kwa upande wake aliongeza safu mbili za paneli, kama mpango ulivyokusudia. Umeme wake ukawa mara mbili, vyeti vikawa mara mbili, na masizi hayakubaki nyuma. Alijaribu kuzima taa za sebuleni ili angalau mama apate pa kukaa, lakini mashine za vifaranga hazizimwi, yai halina subira.

Huku chini nguo hazikuchafuka ila kwa jasho na mchuzi, na wateja wa Dobi wakapungua hadi nusu. Riziki yake miaka yote ilikuwa imetoka kwenye bomba lilelile alilokuwa akililaani. Aliliona hilo, akaliacha lipite. Alikuwa na kazi nyingine. Kila Jumapili alipanda kilima akakaa na mama, akasikiliza kikohozi. Kilirudi kwanza kama kikohozi cha mtu anayepaliwa, kisha kikashuka kifuani, kisha kikaanza kumwamsha. Kila kilipoongezeka Dobi aliumia, na kila kilipoongezeka alipata matumaini, na vitu hivi viwili alishindwa kuvitenganisha kama nguo zilizochujiana rangi.

Mwishoni mwa mwaka mdogo wake alishuka na fomu mpya. Alikuja kwa miguu akiwa mweusi, akavuka geti la kiwanda, na alipoingia uwanjani kwa dada yake alikuwa ametakata, gauni lake la maua limerudi rangi zake zote, na jambo hilo nalo Dobi hakulipenda. Alikaa juu ya karai. Safari hii hakuwa na soga.

"Dada, mama hapumui vizuri. Nilitaka niache kuuza kabisa, lakini paneli mpya nimezichukua kwa mkataba huuhuu, nikiacha watakuja kuzing'oa. Nitazame humu kama kuna njia ya kupunguza. Wewe ndiye unayeyajua haya."

Fomu ilikuwa ya miaka mitano. Dobi aliisoma kutoka ukurasa wa kwanza, bila kuruka, kwa sababu hakutaka kufika mwisho. Kisanduku kilikuwepo palepale, chini kabisa, kimepunguzwa kidogo. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mkono uliotia mishono ya rangi kwenye kila shuka la mji ule ulikuwa juu ya karatasi, umbali wa ukucha.

Akamfikiria mama kwenye kitanda cha dirishani, hapa, hatua sita kutoka kwenye pasi yake. Akamfikiria akiamka na kuomba maji, na yeye ndiye wa kumpa. Miaka tisa, sasa kumi. Huyu mwingine ameshakula zamu yake na ya mwenziwe.

"Hakuna," alisema.

"Umefika mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Mama Vifaranga alivuta pumzi, akatia sahihi. Dobi akamwambia kwa upole, na upole huo haukuwa wa uongo, kwamba suluhisho ni moja: mama ashuke akae kwake, huku hewa ni nzuri. Mdogo wake akajibu kwamba amemwambia mara ngapi, hasikii. Labda akiambiwa na mkubwa. Wakakubaliana Jumapili.

Jumapili Dobi alikodi mkokoteni, akatandika godoro juu yake na shuka jeupe juu ya godoro. Mwenye mkokoteni alisukuma hadi kilimani akipumzika mara tatu. Jua lilikuwa kali, hakukuwa na wingu hata la kusingizia, na nyumba ya Mama Vifaranga ilionekana kutoka mbali, nyeusi peke yake katikati ya nyumba nyeupe za majirani, paneli zake zikimeta. Ndani taa zilikuwa zinafuka. Mama alikuwa kwenye kigoda, weusi umeshapanda hadi mabegani, na kati ya kifaranga na kifaranga alisimama kidogo kutafuta pumzi. Mama Vifaranga alikuwa amechuchumaa kando yake na beseni la pili.

Dobi alimwambia gari limefika. Mama aliuangalia mkokoteni kupitia mlangoni, akalisifu shuka.

"Sasa nikienda, huyu nitamwachia nani?"

"Na mimi je, mama?"

"Wewe huna shida, mwanangu," mama alisema. "Huyu ana shida."

Alilisema kama mtu anayesema ndoo ipi imejaa. Jibu alilokuwa nalo Dobi ni moja tu, nalo lilikuwa linahusu kisanduku, na mdogo wake alikuwa palepale akimtazama kwa macho yaliyozungukwa na masizi, anangoja dada yake mkubwa amshawishi mama. Dobi alivuta boksi, akapiga magoti, akachukua kitambaa na kuanza kumpangusa kifaranga. Alimpangusa kama anavyofua, kwa bidii, mgongo, kifua, kichwa, mpaka njano ikatoka yote. Akampa mama.

Mama alimgeuza miguu juu, akamkagua.

"Chini ya bawa umeacha," alisema, akampitishia Mama Vifaranga, ambaye alimpangusa chini ya bawa na kumweka kwenye boksi.

Walifanya kazi watatu hadi alasiri. Dobi alipoinuka kwenda, mama alimshika mkono juu kidogo ya kiwiko ili ajiinue naye, akamsindikiza hatua tano hadi kizingitini. Akakohoa, akaegemea mlango. Alimwambia ashukuru Mungu kwamba yeye kwake ni safi, na amwambie mwenye mkokoteni aendeshe taratibu, asije akalitupa shuka barabarani.

Kwenye kilima Dobi aliuona mkono wa gauni lake. Lilikuwa gauni jeupe, alilivaa kwa ajili ya siku ile. Vidole vinne vya mama vilikuwa vimebaki upande wa nje, na kidole gumba upande wa ndani, vimekaza, kila mstari wa ngozi unaonekana. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akiyatoa masizi kwenye nguo za watu. Haya aliyafunika kwa mtandio ili yasipeperuke. Mwenye mkokoteni alimuuliza kama ameumia mkono, akasema hapana.

Barabara ilikuwa moja, na ilipita mbele ya geti la kiwanda. Dobi alisimama kabla ya kulifikia. Mitambo yote miwili ilikuwa inanguruma, na hewa ilicheza juu ya mabomba mawili. Mwenye mkokoteni alingoja, kisha akasema yeye ana safari nyingine, akatangulia. Dobi akaukumbatia mkono wake kwa mkono wa pili, akavuka.

Alipofika upande wa pili alifunua mtandio. Vidole havikuwepo. Havikuwa vimedondoka chini, aliangalia chini. Vilikuwa vimerudi kilimani, kwa mwenyewe, kama mkataba ulivyosema. Akaugeuza mkono wa gauni, akatazama upande wa ndani palipokuwa na kidole gumba, akapanusa. Palinukia sabuni.